Kamba Hukatikia Pabovu: Funzo la Tangi la Matumbawe Mitambo Inapoharibika

Mwaka 1846 bibi mmoja wa Uingereza, Anna Thynne, alichukua matumbawe hai kutoka pwani ya Torquay, akayasafirisha hadi London na kuyaweka katika chombo cha maji ya bahari. Siku hizo hapakuwa na pampu ya umeme, wala hapakuwa na njia nyepesi ya kupata maji mapya ya bahari katika mji ule. Ili wanyama hao wasife, maji yao yalimiminwa kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi, tena na tena, mpaka yapate hewa ya kutosha. Kazi hiyo ilifanywa kwa mkono wa mtumishi, na matumbawe yaliishi.

Leo, katika nyumba nyingi za Ulaya, Marekani, Japani na miji ya Ghuba, matumbawe na samaki wa bahari za joto hufugwa ndani ya matangi ya kioo. Mkono wa mtumishi umepumzishwa, na mahali pake pameshikwa na mitambo: pampu ya kuzungusha maji, hita ya kuyapasha joto, taa ya kuiga jua, chombo cha kutenga uchafu kwa povu, na kifaa cha kurudisha maji yaliyopotea kwa mvukizo. Mitambo hiyo ikifanya kazi, bahari ndogo hustawi na kupendeza macho. Mmoja wao ukisimama usiku, mwenye nyumba aweza kuamka asubuhi akakuta mizoga.

Msiba kama huo unapotokea, lawama hutupiwa mtambo. Husemwa kwamba pampu ilikuwa mbovu, au kwamba hita ilitengenezwa ovyo. Hoja ya makala haya ni kwamba lawama hiyo, ingawa pengine ina ukweli kidogo, haikuwekwa mahali pake. Kila mtambo una siku yake ya kuharibika. Hilo ndilo jambo la hakika kuliko yote yanayoweza kusemwa juu yake. Aliyejenga tangi bila kuifikiria siku hiyo ndiye aliyekosea, na kosa lake lilitendeka zamani, kabla pampu haijasimama. Funzo hili lawahusu walimu na wanafunzi wa sekondari hata kama shule yao haina tangi lolote, kwa maana tangi la matumbawe ni mfano mdogo na ulio wazi wa mambo makubwa yanayotegemea mitambo.

Pumzi kwanza

Yafaa kuanza kwa kuuliza: ni kitu gani hasa huua pampu inaposimama? Wengi hudhani ni uchafu, au ukosefu wa mwanga. Jibu la kweli ni ukosefu wa oksijeni.

Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 25 za sentigredi, hata yakiwa yameshiba hewa, huwa na miligramu 7 hivi tu za oksijeni katika kila lita. Lita moja ya hewa tuivutayo ina miligramu 270 hivi. Kwa maneno mengine, samaki huishi katika mahali ambapo oksijeni ni haba mara 40 kuliko mahali tunapoishi sisi. Akiba hiyo ndogo hutumiwa na samaki, na matumbawe, na bakteria wengi mno walio katika mawe na mchanga. Usiku hali huwa ngumu zaidi, kwani mwani mdogo mno uishio ndani ya nyama ya matumbawe, ambao mchana hutoa oksijeni, usiku nao huivuta kama wengine.

Je, oksijeni ya hewani haiwezi kuingia yenyewe majini? Yaingia, lakini mwendo wake ndani ya maji yaliyotulia ni wa polepole ajabu. Ikiachwa isambae yenyewe, oksijeni huhitaji saa 7 hivi kupenya sentimita moja ya maji. Tena muda huo hauongezeki kwa ulinganifu na kina, bali kwa mraba wake: kina kikizidi mara 2, muda huzidi mara 4. Hivyo katika tangi lenye kina cha sentimita 40 muda huzidi mara 1,600, nao unakuwa zaidi ya mwaka mzima! Kwa kweli mikondo midogo itokanayo na tofauti za joto husaidia kidogo, lakini haitoshi kuokoa tangi lililojaa viumbe. Baharini kazi hiyo hufanywa na mawimbi, na upepo wa kusi na kaskazi, na kujaa na kupwa kwa maji. Ndani ya kioo hufanywa na pampu peke yake.

Mwenye kulielewa jambo hili hujua la kutenda umeme unapokatika. Haanzi na taa. Matumbawe huweza kuvumilia siku kadhaa za giza, kama yavumiliavyo siku za mawingu mazito na maji yenye matope. Haanzi na chakula pia; samaki hawahitaji kulishwa saa hizo, na chakula kisicholiwa huoza na kula oksijeni iliyobaki. Huanza na kuyatibua maji. Pampu ndogo ya hewa itumiayo betri yatosha. Ikikosekana, kikombe chatosha: maji huchotwa na kumiminwa kutoka juu, kwa dakika chache, kisha hurudiwa kila baada ya muda, kama alivyofanya mtumishi yule wa London. Baada ya hapo ndipo huangaliwa joto, na taa huja mwisho kabisa.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Katika matangi mengi kitu cha ghali na cha kujivunia ni taa, na kitu cha rahisi kisichotazamwa na mgeni ni pampu. Uhai wa tangi umepanga vyombo hivyo kinyume chake. Thamani ya dukani na thamani ya uhai ni vitu viwili, na mtu asiyejua tofauti yake hununua taa ya pili kabla hajanunua pampu ya pili.

Hatari nyingine hufichwa ndani ya chujio lililofungwa. Bakteria walio humo, ambao kazi yao ni kuigeuza amonia yenye sumu kuwa nitriti na kisha nitrati, huvuta oksijeni kama viumbe wengine. Maji yakisimama humo kwa saa nyingi, oksijeni huisha, bakteria wema hufa, na pengine hutokea gesi yenye uvundo wa yai viza, ambayo ni sumu kali. Umeme urudipo, pampu huyasukuma maji hayo moja kwa moja hadi kwa samaki waliookoka. Kwa hiyo maji ya chujio lililosimama muda mrefu sharti yamwagwe kwanza. Wapo waliopoteza samaki wao si wakati wa giza, bali dakika chache baada ya taa kuwaka na nyumba kushangilia.

Huharibika kuelekea upande gani?

Swali la pili ni muhimu kuliko la kwanza, nalo haliulizwi mara nyingi: mtambo huu ukiharibika, utaharibika kuelekea upande gani?

Hita ni mfano mzuri. Aina nyingi huwa na kidhibiti joto kilichotengenezwa kwa ukanda wa metali mbili zilizogandamana, kama ule unaofundishwa katika somo la fizikia. Ukanda ukipata joto hupinda na kuukata umeme. Ukipoa hunyooka na kuuunganisha tena. Lakini kila unapokata na kuunganisha, cheche huziunguza ncha zinazogusana, na siku moja ncha hizo huweza kushikana zisiachane. Hapo hita huwaka bila kukoma. Tangi la lita 200 za maji ya bahari huhitaji kilojouli 820 hivi ili lipande kwa nyuzi moja. Hita ya wati 200 hutoa kiasi hicho kwa dakika 68. Kama joto lisingepotea hewani, maji yangetoka nyuzi 26 hadi nyuzi 32 kwa muda wa saa 7, yaani kati ya kulala na kuamka. Joto hupotea, ndiyo, na kupanda huko hupungua. Lakini matumbawe hayana nafasi kubwa ya kusamehe.

Mtu aweza kununua hita ya ghali zaidi na kutumaini. Lakini iko njia iliyo bora, nayo haihitaji tumaini: ni kutumia hita mbili za wati 100, kila moja na kidhibiti chake. Moja ikiganda katika kuwaka, ya pili hujizima, na joto linaloingia huwa nusu tu ya lile la hita kubwa. Moja ikizimika kabisa, ya pili hubaki na nusu ya kazi. Ajali haikuzuiwa, bali imepunguzwa makali kiasi cha kumpa mwenye tangi nafasi ya kuigundua.

Kanuni hiyo hiyo huonekana katika kifaa cha kuongeza maji. Maji safi yakipotea kwa mvukizo, chumvi hubaki, na kifaa chenye boya huongeza maji baridi yasiyo na chumvi. Boya likikwama, maji huendelea kuingia. Kama kifaa kimeunganishwa na bomba la nyumba, hakuna kikomo, na bahari huwa kisima. Kama kimeunganishwa na ndoo ya lita 5, madhara yana mpaka: chumvi katika tangi la lita 200 itashuka kutoka gramu 35 hadi gramu 34 hivi kwa kila lita, na hakuna kiumbe atakayekufa. Ulinzi hapo haukutoka kwenye chombo chochote cha ajabu. Umetoka kwenye udogo wa ndoo.

Vivyo hivyo kuhusu mafuriko. Matangi mengi huwa na tangi la pili chini yake, na pampu huyapandisha maji kwa bomba. Pampu ikisimama, bomba hilo hugeuka mrija wa kunyonya, na maji ya juu hushuka mpaka mdomo wa bomba ubaki hewani. Ikiwa tangi la juu lina urefu wa sentimita 100 na upana wa sentimita 50, kila sentimita moja ya kina ni lita 5. Mdomo uliozama sentimita 10 utashusha lita 50. Kama tangi la chini lina nafasi ya lita 30, lita 20 za maji ya chumvi zitakwenda sakafuni. Wengine huweka vali ya kuzuia maji yasirudi, lakini chokaa na konokono wadogo huizuia vali isifunge. Tundu dogo lililotobolewa katika bomba chini kidogo ya uso wa maji hufanya kazi iliyo bora: maji yakishuka kidogo, hewa huingia na mnyonyo hukatika. Tundu halina sehemu inayocheza wala kuchakaa. Lahitaji tu kusafishwa lisizibwe na mwani.

Fikra hii si ngeni katika uhandisi. Mwaka 1872 George Westinghouse wa Marekani aliibadili breki ya hewa ya treni aliyoibuni miaka michache kabla yake. Breki ya kwanza ilihitaji nguvu ya hewa ili isimamishe mabehewa. Bomba likipasuka, hapakuwa na breki. Katika ile ya pili nguvu ya hewa bombani ndiyo iliyoizuia breki isishike. Bomba likipasuka, breki zilijifunga zenyewe na treni ikasimama. Bomba la pili halikuwa gumu kuliko la kwanza. Lilifundishwa tu kupasuka kuelekea upande wa usalama.

Mtu kwanza, samaki baadaye

Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, na mtu atiaye mkono tangini akiwa amesimama juu ya sakafu yenye maji hujiweka katika hatari ya kufa. Kwa hiyo umeme wa tangi sharti upite katika swichi ya usalama inayoukata mara unapovuja kiasi cha miliampea 30. Kadhalika, kila waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji litiririkalo juu yake lianguke sakafuni lisiingie ndani ya soketi.

Lakini hapa pana kitendawili chenye kufundisha. Swichi hiyo ikikata umeme usiku kwa sababu ya kuvuja kidogo kwa hita, pampu zote nazo husimama. Chombo kilichomwokoa mwenye nyumba kimewaua samaki wake. Hilo si sababu ya kuiondoa swichi. Ni sababu ya kuigawa mitambo katika njia mbili za umeme, kila moja na swichi yake, pampu moja huku na ya pili kule.

Je, dawa ni mitambo zaidi?

Wapo wasemao kwamba haya yote yamepitwa na wakati, kwa kuwa siku hizi zipo kompyuta ndogo zinazopima joto, kina na uchachu wa maji, na kumpelekea mwenye tangi habari kwa simu popote alipo. Hoja hiyo ina nguvu, nayo haifai kudharauliwa. Habari ya mapema ni nusu ya uokozi. Hata hivyo, simu haiwezi kuyatibua maji. Mwenye tangi aliye safarini atajua tu kwamba samaki wake wanakufa, na kompyuta yenyewe, ikiwa ndiyo inayoendesha kila kitu, imekuwa uzi mmoja mpya unaoning'iniza uhai wote. Kamba hukatikia pabovu. Kuongeza urefu wa kamba si kuiimarisha.

Hata kuwa na mitambo miwili hakutoshi ikiwa miwili hiyo ina udhaifu mmoja. Ichukuliwe kwamba pampu fulani ina uwezekano wa 1 katika 1,000 wa kusimama siku yoyote. Kwa hesabu ya shuleni, pampu mbili zitasimama pamoja mara 1 katika 1,000,000. Lakini hesabu hiyo ni kweli tu iwapo kila pampu husimama kwa sababu zake. Zikichomekwa katika soketi moja, umeme ukikatika zote husimama, na ile milioni huyeyuka. Mwalimu wa hisabati atafutaye mfano wa matukio yasiyotegemeana hatapata ulio bora kuliko huu.

Somo kwa pwani yetu na shule zetu

Katika Mombasa au Dar es Salaam tangi la bahari halihitaji hita kwa sehemu kubwa ya mwaka; adui ni joto. Feni ipulizayo juu ya maji husaidia, kwa kuwa lita moja ya maji inayovukizwa huondoka na joto la kutosha kuliteremsha tangi la lita 200 kwa nyuzi 3 hivi. Lakini umeme ukikatika adhuhuri, feni nayo husimama. Ni dhahiri kwamba mahali penye umeme wa kukatikakatika si pa kujenga kitu kinachokufa kwa saa chache bila umeme. Tena matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Kwa sababu hizo mbili, haifai shule iyang'oe matumbawe baharini kwa ajili ya tangi la maonyesho. Asiyeweza kuitabiri siku ya kuharibika hana haki ya kuchukua uhai na kuutundika juu ya swichi.

Matumbawe yenyewe yamekwisha kupata hasara za kutosha. Mwaka 1998, maji ya Bahari ya Hindi magharibi yalipopata joto lisilo la kawaida, matumbawe mengi sana ya Kenya, Tanzania na Shelisheli yalipauka na kufa. Mwezi wa Aprili 2024 wanasayansi walithibitisha tukio la nne la upaukaji lililoenea duniani kote. Nyuzi moja tu juu ya kiwango cha juu cha kawaida cha msimu wa joto, ikidumu kwa wiki kadhaa, yatosha kuleta madhara. Mtu aliyewahi kuona tangi moja likifa kwa hita iliyoganda hahitaji kuelezwa sana maana ya habari hizo. Tofauti ni kwamba tangi lina mwenyewe anayeweza kuchomoa waya.

Shule zaweza kufundisha yote haya kwa ndoo, kipimajoto, feni au kitambaa kibichi, na mpira wa kunyonyea maji. Wanafunzi wapime joto la ndoo mbili, moja ikipulizwa na nyingine ikiwa imefunikwa. Watoboe tundu katika mpira na kuona mnyonyo ukikatika. Kisha waende katika zahanati iliyo karibu na kuuliza kuhusu jokofu la chanjo. Baadhi ya majokofu hayo yamezungushiwa barafu katika kuta zake, ili umeme ukikatika chanjo zibaki kati ya nyuzi 2 na 8 kwa saa nyingi. Hapo wataona kwamba mtoto wa kijijini hulindwa na fikra ileile iliyo katika ndoo ya lita 5.

Mafunzo ya sayansi mashuleni hueleza kwa urefu jinsi vyombo vifanyavyo kazi, na aghalabu hunyamaza kuhusu jinsi vinavyoshindwa. Mwanafunzi huchora pampu iliyo nzima, hapati kuchora iliyokufa. Yapendekezwa basi kwamba kila chombo cha maabara, kuanzia taa ya gesi hadi jokofu, kiwekewe kadi ukutani yenye maswali matatu yaliyojibiwa na wanafunzi wenyewe: Chombo hiki kitaharibika vipi? Kikiharibika, kitaelekea upande wa hatari au wa usalama? Na ni nani atakayejua, baada ya muda gani? Kadi hiyo ni kipande cha karatasi tu, na shule yoyote yaweza kuianza wiki hii.